Pikipiki Hulala Kwenye Mita Mbili za Mwisho

Anayeanza pikipiki huogopa mwendo mkali, na afanye hivyo. Ila pikipiki ya mwanafunzi mara nyingi hulala chini ikiwa haikimbii kabisa: inageuzwa mbele ya geti, inasimama kwenye foleni ya Mwenge hapa Dar es Salaam, inaingia sheli, inashuka kwenye lami kufuata kichochoro cha mchanga kule Goba au Mbagala. Mwendo ni ule wa mtu anayetembea. Hakuna aliyegonga wala aliyegongwa, na bado kioo kimevunjika, mkono wa klachi umepinda, kifundo cha mguu kimevimba.

Kijiweni utasikia, "Hiyo pikipiki imemzidi nguvu." Maelezo hayo yanamnyima mwanafunzi somo, kwa sababu nguvu haihusiki sana. Boxer au TVS HLX, zile zilizojaa kila kijiwe hapa mjini, huwa na kilo 110 hadi 125 hivi zikiwa na mafuta. Chukua ya kilo 120, na uzito wake ukae karibu nusu ya kimo cha usukani. Ikiinama nyuzi 5, unaizuia pale kwenye usukani kwa nguvu ya kama kilo 5, jambo ambalo hata mtoto wa darasa la saba analiweza. Nyuzi 10, kilo 10. Nyuzi 30, kilo 30. Nyuzi 45, zaidi ya kilo 40, nawe umesimama kwa mguu mmoja na mwingine uko upande wa pili wa siti. Ongeza abiria wa kilo 70: kwa kuwa ameketi juu zaidi, peke yake anaongeza kama kilo 12 kwenye zile nyuzi 10. Mtu mwenye misuli na asiye nayo wanatofautiana nyuzi chache tu. Ikishapita hapo, wote wawili inawashinda.

Kwa hiyo suala ni kuizuia isifike huko, na hilo linaamuliwa katika mita mbili za mwisho kabla ya kusimama, au mbili za kwanza baada ya kuondoka.

Pikipiki ikishavuka kilomita 20 au 25 kwa saa hujiweka wima yenyewe kwa kiasi kikubwa. Magurudumu yanazunguka kwa kasi, na jinsi shokapu za mbele zilivyolazwa hufanya gurudumu la mbele ligeuke lenyewe kuelekea upande pikipiki inakoinamia. Chini ya hapo msaada huo unapungua mpaka unakwisha, na kazi inakuwa yako: ikiinama kushoto unageuza usukani kidogo kushoto ili magurudumu yarudi chini ya uzito. Ndiyo maana kwenye mwendo mdogo usukani unachezacheza. Uache ucheze. Anayekakamaza mikono anaizuia pikipiki kufanya kitu pekee kinachoiweka wima, na wengi hukakamaa hasa wanapokaribia kusimama.

Breki ya mbele na usukani uliokunjwa

Hili ndilo la kwanza kwenye orodha yangu ya makosa yanayoilaza pikipiki. Ukiwa unakata kona taratibu, pikipiki imeinama kidogo kuelekea ndani, na kinachoizuia isiendelee kuanguka ni mwendo wake. Ukibana breki ya mbele, mwendo unakwisha mara moja lakini ule ulalo unabaki. Shokapu za mbele zinazama, usukani unazidi kujikunja, na pikipiki inalala upande wa ndani wa kona kabla hujapata nafasi ya kushusha mguu. Yote hayo hayafiki sekunde moja.

Breki ya mbele yenyewe haina kosa. Pikipiki ikiwa imenyooka, ndiyo breki yenye nguvu kuliko ya nyuma, na anayejifunza asifundishwe kuiogopa, maana siku gari likimkatia mbele Barabara ya Mandela ataihitaji. Sheria ni fupi: usukani umenyooka, tumia zote mbili; usukani umekunjwa na uko chini ya kilomita 15 kwa saa, vidole vyote vinne vya mkono wa kulia vikae kwenye mpini wa mafuta na kazi ifanywe na mguu wa kulia kwenye breki ya nyuma. Ikikulazimu kusimama katikati ya kona, nyoosha usukani kwanza, hata kwa nusu mita, kisha ndiyo ubane.

Kuna kosa lingine linalofanana nalo, ila linaanzia mkono wa kushoto. Injini ikizima katikati ya kona, gurudumu la nyuma linaacha kusukuma, na matokeo ni yale yale: mwendo umekwenda, ulalo umebaki. Injini huzima kwa sababu klachi imeachiwa haraka mno, au mafuta yamefungwa kabisa, au dereva amefika kwenye kona akiwa bado yuko gia ya tatu. La gia linawapata sana wanaobadilisha pikipiki, kwa kuwa mpangilio haufanani. Zipo ambazo gia zote hukanyagwa mbele na fri (pale ambapo hakuna gia iliyoingia) iko mwanzo, zipo ambazo ya kwanza iko chini na nyingine zote juu, na zipo zinazozunguka kutoka ya mwisho hadi fri. Kabla ya kupanda pikipiki ya mtu, muulize mwenyewe, kisha izungushe gia zote ikiwa kwenye stendi ya kati.

Dawa ya injini kuzima ni nusu klachi, yaani mkono wa klachi ulioachiwa nusu tu. Klachi za pikipiki hizi ni sahani kadhaa zinazofanya kazi ndani ya oili, kwa hiyo zinavumilia kuteleza kwa muda kuliko klachi ya gari nyingi. Kwenye mwendo wa kutembea, shika mafuta kidogo na uyaache hapo hapo, sauti ya injini isipande wala kushuka, halafu ongeza au punguza mwendo kwa klachi peke yake. Breki ya nyuma ikanyagwe kidogo muda wote. Injini inasukuma, breki inazuia kidogo, na cheni inabaki imekaza. Pikipiki inatulia kwa namna ambayo mwanafunzi huishangaa.

Haya yote hayafanyiki kama waya wa klachi haujarekebishwa. Ncha ya mkono wa klachi icheze kama milimita 10 hadi 15 kabla ya kuanza kukaza. Ukiwa umekaza mno, klachi inateleza hata ukiwa umeuachia. Ukiwa umelegea mno, klachi haiachi kabisa: pikipiki inataka kwenda ukiwa umeibana, fri haipatikani, na ukisimama inazima. Wanafunzi wengi wanajilaumu kwa kitu ambacho kingekwisha kwa kuzungusha ile nati ndogo karibu na mkono.

Mguu umeshuka, ardhi haipo

Tunaendesha kushoto, na barabara zetu zimejengwa zikiinama kuelekea pembeni ili maji yaende mtaroni. Maana yake ni kwamba ukisimama ukingoni, mguu wa kushoto, ambao ndio unaotakiwa kushuka, una ardhi iliyo chini kuliko wa kulia. Tofauti ya sentimita tano inatosha kuinamisha pikipiki zile nyuzi kadhaa za hatari kwa mtu ambaye tayari anagusa chini kwa ncha za vidole. Na hapo hapo ukingoni ndipo mchanga wa Dar unapokusanyika, umeletwa na mvua na kusukumwa na matairi ya magari. Ukikanyaga mchanga mwembamba ulio juu ya lami, soli inateleza nje na pikipiki inaufuata mguu.

Kwa hiyo usisimame ukingoni kabisa. Acha kama mita moja kutoka mwisho wa lami, simama usukani ukiwa umenyooka, kichwa juu, ukitazama mbele na si tairi. Macho yakishuka, mabega yanafuata na usukani unafuata mabega. Mguu wa kulia ubaki kwenye breki ya nyuma mpaka pikipiki itulie. Ni wa kushoto tu unaoshuka, na unashuka wakati mwendo umekwisha. Kuburuza miguu yote miwili kutoka mita kumi nyuma kunaonekana kama tahadhari, ila kunakunyang'anya breki ya nyuma, na kisigino kikikwama kwenye shimo goti ndilo linalolipa.

Ukingo wa lami wenyewe ni mtego. Mahali pengi mtaa wa vumbi unapokutana na barabara kuna kidaraja kama cha ngazi, cha sentimita tano hadi kumi, ambacho mvua imekila. Ukikipanda kwa kuambaa nacho, tairi la mbele linateleza kando ya ukingo badala ya kupanda, na usukani unakunjwa bila wewe kutaka. Panda ukikikabili uso kwa uso kadiri unavyoweza, angalau kwa pembe ya nyuzi 45, na sukuma kidogo kwa mafuta wakati tairi la mbele linapanda. Ukishindwa kupata pembe, simama, sogea, jipange upya. Magari yanayopiga honi nyuma yatasubiri.

Kwenye mchanga mzito, kama vichochoro vya Kigamboni vilivyo karibu na bahari, breki ya mbele iache kabisa, kaa nyuma kidogo kwenye siti, mafuta yasikatike. Anayesitasita katikati ya mchanga tairi lake la mbele linajichimbia. Baada ya mvua ya kwanza ya vuli, vumbi na mafuta ya miezi mingi yanaelea juu ya lami, na sehemu mbaya zaidi ni mbele ya vituo vya daladala, kwenye kipilefti na kwenye mlango wa sheli ambako dizeli hudondoka. Michirizi ya rangi ya barabarani na mifuniko ya chuma ya chemba nayo huteleza ikilowa. Mlango wa pantoni pale Magogoni ni bamba la chuma lenye maji ya bahari: ingia ukiwa umenyooka, gia ya kwanza, bila breki na bila kugeuza. Kama una wasiwasi, shuka uisukume ukiwa upande wake wa kushoto, klachi mkononi.

Milima tunayo, watu wa Makongo Juu, Goba na Kimara wanajua. Ukisimama kwenye mwinuko, mguu wa kulia ukandamize breki ya nyuma, wa kushoto uwe chini, achia klachi mpaka usikie injini inabadilika sauti na nyuma ya pikipiki inazama kidogo, ongeza mafuta, ndipo uachie breki. Usigeuze pikipiki katikati ya mteremko ukiwa mgeni. Ikifika katikati ya mzunguko, upande wa bondeni ardhi iko mbali kuliko urefu wa mguu wako, na hapo hakuna mbinu. Panda mpaka panapotambarika, geukia huko.

Abiria na mzigo

Sioni sababu ya mwanafunzi kubeba abiria kabla hajaweza kuizungusha pikipiki tupu bila kuweka mguu chini. Siku itakapofika, makubaliano yafanywe kwa mdomo kabla mtu hajapanda.

"Kaka, nipande?"

"Subiri kidogo dada, niweke miguu sawa. Haya, panda. Upande huu wa kushoto."

Miguu yako yote miwili iko chini, breki ya mbele umeibana, usukani umenyooka, stendi ya pembeni imekunjwa. Asipande pikipiki ikiwa imeegemea stendi, kwa sababu ile stendi imetengenezwa kubeba pikipiki na si watu wawili. Ikipinda, kila siku pikipiki itaegemea zaidi kushoto. Anapanda kutoka kushoto kwa sababu ekzosi iko kulia. Kushuka vivyo hivyo: anakuambia, unasimama kabisa, unabana breki, unasema "shuka", ndipo anashuka. Pikipiki nyingi zaidi hulala abiria anaposhuka bila taarifa kuliko anapopanda.

Dumu la lita 20 la maji ni kilo 20. Likifungwa juu ya siti linakusumbua zaidi kuliko madumu mawili yaliyoning'inizwa chini pande zote za keria. Dumu lililojaa nusu ndilo baya kuliko yote, kwa kuwa maji yanasogea wakati unaposimama, yanakusukuma baada ya wewe kudhani umeshatulia.

Ikiwa imesimama peke yake

Pikipiki nyingi huangushwa na maegesho. Stendi ya pembeni isukume mbele mpaka mwisho wake, kisha vuta pikipiki nyuma kidogo uhakikishe haikunjiki. Iache kwenye gia ya kwanza. Usiiegeshe ikitazama mteremkoni, maana ikisogea mbele stendi inajikunja yenyewe; iache ikitazama mlimani. Kwenye mchanga, au kwenye lami iliyolainishwa na jua la saa nane, weka jiwe bapa au kipande cha ubao chini ya stendi. Geuza usukani kushoto: ndivyo inavyokaa imara zaidi.

Ikishaamua kulala, iache

Kuna sehemu ambayo pikipiki bado inarudishika, na kuna baada ya hapo. Ukihisi imekuzidi, jukumu lako linabadilika: sasa unalinda mwili. Achia usukani wa upande inakoangukia, nyanyua mguu wa upande huo uutoe, rukia mbali nayo. Anayeng'ang'ania mpaka mwisho ndiye anayeumia mgongo na bega, na mguu unaobaki katikati ya injini na lami ndio unaovunjika kifundo. Kioo na indiketa ni vitu vya kununua Kariakoo. Na usitangulize kiganja kilichonyooka kupokea ardhi. Kiwiko kikunjwe, mkono uwe mwilini.

Hapa ndipo gadi ya mbele inapolipa gharama yake. Nzuri imeshikwa kwenye bolti za fremu, bomba lake ni nene kama inchi moja, na inatokeza nje kuliko pedeli ya gia na ya breki, kiasi kwamba pikipiki ikilala inaegemea gadi na ncha ya usukani huku ikiacha nafasi ya mguu. Gadi za kuchomelea zenye vyuma vya ziada vilivyotokeza nyuma ni hatari, maana ndivyo vinavyobana muundi. Mwambie fundi avikate.

Viatu vivuke kifundo cha mguu, viwe na soli ngumu yenye meno. Ndala haina la kufanya juu ya pikipiki. Glavu hata zile za bei ndogo za fundi ujenzi zitaokoa ngozi ya kiganja. Helmeti ifungwe kamba hata unaposogea mita tano kutoka ndani ya geti, kwa sababu kichwa kinaanguka kutoka kimo kile kile.

Ukigusa ekzosi, weka sehemu iliyoungua chini ya maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Si dawa ya meno, si asali, si mafuta ya kula. Baada ya maji, funika kwa kitambaa safi na uende kituo cha afya kama lengelenge ni kubwa au liko kwenye kiungo.

Kuinua

Zima swichi kabla ya kitu kingine. Injini inayoendelea kuunguruma ikiwa imelala haipati oili inavyostahili, na gurudumu la nyuma linaweza kuzunguka. Funga koki ya mafuta. Tazama magari, tazama mwili wako, ndipo ushike pikipiki. Adrenalini humfanya mtu ainyanyue kwa mkurupuko na kuumia kiuno kuliko alivyoumia kwa kuanguka.

Ikiwa imelalia kulia, stendi ya pembeni iko upande wa juu: ifungue sasa hivi, ili pikipiki ikipitiliza isiangukie upande wa pili. Iwe kwenye gia ili isibingirike. Ikiwa imelalia kushoto, stendi na pedeli ya gia ziko chini, hivyo kama iko fri funga mkono wa breki ya mbele kwa ule mpira wa kufungia mizigo. Geuza usukani mpaka mwisho, tairi la mbele lielekee ardhini. Geuka uipe pikipiki mgongo, keti chini kwenye ubavu wa siti, mkono mmoja kwenye mpini wa usukani ulio chini, mwingine kwenye keria au fremu, mgongo umenyooka, kisha tembea kinyumenyume kwa hatua fupi ukisukuma kwa miguu. Ikikaribia wima, punguza nguvu. Kwa pikipiki nyepesi watu hupendelea kuielekea uso kwa uso, na inawezekana, ila kazi yote inahamia kiunoni.

Kwenye mteremko, tazama kwanza usukani uko upande gani. Ukiwa umelala upande wa bondeni na magurudumu yako juu, hutaweza kuinua. Shika tairi la mbele, buruta uizungushe ardhini mpaka magurudumu yaende chini ya mteremko, ndipo uinue. Vijana wa kijiweni watakuja kusaidia, hilo halina shaka Dar. Mwambie mmoja ashike keria na mwingine usukani, na waonye wote kuhusu ekzosi. Asiye na maelekezo hukimbilia kushika indiketa.

Kabla ya kuwasha

Petroli ikiwa imemwagika, isogeze pikipiki kutoka hapo kwanza na mwenye sigara aondoke. Kabureta ikilala hufurika, kwa hiyo injini kugoma kuwaka mara moja ni kawaida. Iache wima dakika tano. Koki ikiwa imefungwa na choki haijavutwa, zungusha mpini wa mafuta mpaka mwisho na upige kiki tano au sita, halafu fungua koki na uwashe kawaida. Ikikataa bado, toa plagi, ikaushe, irudishe. Moshi kidogo wa rangi ya bluu dakika za mwanzo ni oili iliyopenya kusikotakiwa; moshi huo ukiendelea, zima. Zile zenye injekta, baadhi zina kihisi kinachozima injini pikipiki inapolala, na hazitawaka mpaka uzime swichi na kuiwasha upya.

Ukaguzi unaanzia kwenye mpini wa mafuta, na sitaki mtu auruke. Ikilalia kulia, ncha ya mpini hugonga chini na kusukumwa ndani, na mpini unaanza kukwama. Injini ikiwa imezimwa, zungusha mpini na uuachie: urudi wenyewe kwa kishindo, usukani ukiwa umenyooka, ukikunjwa kushoto mpaka mwisho, na ukikunjwa kulia mpaka mwisho. Ukisitasita hata mara moja, usiwashe. Mpini unaokwama ndio unaogeuza anguko dogo kuwa ajali ya kweli dakika tano baadaye.

Kisha breki zote mbili. Pedeli ya breki ya nyuma ikipinda ndani hugusa injini na kuacha breki imeshika nusu; zungusha gurudumu la nyuma likiwa hewani uone kama linakwenda huru. Pedeli ya gia nayo hupinda kuelekea kwenye mfuniko wa injini. Usiinyooshe kwa nyundo ikiwa bado iko mahali pake, kwa sababu kishindo kinaishia kwenye shafti na sili ya oili. Fungua bolti yake moja, itoe, inyooshe pembeni, irudishe. Mkono wa klachi uliopinda ukiwa bado unafanya kazi, uache hivyo mpaka upate mwingine, maana ni aluminiamu, na ukiurudisha ukiwa baridi hukatika. Mkono wa akiba na waya wa klachi wa akiba vinaingia chini ya siti. Mwenye navyo halali njiani.

Simama mbele ya pikipiki, tazama usukani na tairi la mbele kama vinakwenda sambamba. Kukengeuka kidogo mara nyingi hakumaanishi kitu kimepinda, ni shokapu zimejipinda ndani ya bano zake. Legeza bolti za bano ya chini na ekseli, bana tairi katikati ya magoti, vuta usukani mpaka vilingane, kaza tena. Bano za mikono ya klachi na breki zikaze za kutosha zisicheze, lakini si kwa nguvu zako zote: zikiweza kuzunguka kidogo kwenye bomba la usukani, safari ijayo mkono utageuka badala ya kukatika.

Mazoezi yanayofaa

Tafuta uwanja wa ardhi ngumu usio na watu, mathalani Biafra pale Kinondoni mapema asubuhi, na chupa nane za maji zilizojazwa mchanga. Panga njia ya mita 15 yenye upana wa hatua moja. Ipite kwa sekunde 10 au zaidi bila kugusa chini, nusu klachi na breki ya nyuma, macho mwisho wa njia. Kisha weka chupa mbili umbali wa mita nane, uzizunguke kwa umbo la nane. Kichwa kigeuke kwanza kutazama chupa inayofuata kabla usukani haujageuka. Ikikubali, zisogeze zibaki umbali wa mita sita. La tatu ni kusimama: simamisha tairi la mbele juu ya mstari uliouchora, usukani umenyooka, mguu wa kushoto peke yake chini, mara nyingi mfululizo mpaka ikome kuwa kazi. Pumzisha klachi kila dakika kumi hivi, kwa kuwa oili inapata moto na mkono wako unachoka. Tairi jipya kabisa huteleza kilomita 100 hivi za mwanzo, usijifunzie juu yake. Upepo wa matairi ufuate kibandiko cha pikipiki. Nyingi za aina hii huangukia karibu na PSI 25 mbele na 28 hadi 32 nyuma.

Na pikipiki iliyolala itazamwe tena kesho yake asubuhi, ikiwa baridi, kwenye stendi ya kati. Pima oili. Angalia sakafu kama kuna tone chini ya shafti ya gia. Kama betri ni ya maji, toa kifuniko cha ubavuni uitazame: tindikali iliyomwagika huacha alama nyeupe kwenye fremu na kula waya, iondoe kwa maji mengi. Kiwango kikiwa kimeshuka kwa sababu ya kumwagika, usijaze maji ya betri peke yake, kwa sababu tindikali iliyopotea hairudi kwa maji. Ipeleke kwa fundi wa betri aipime.